Kibodi Iliyorudi Mwanza

Kijiwe chetu kiko Somanda, ukitoka hospitali unakuja kama unaelekea sokoni, ukutani kwa Milembe mwenye steshenari na mbele ya cherehani yangu. Benchi lenyewe ni ubao wa tela la pamba. Tela lilikuwa la chama cha ushirika. Chama kilipokufa tela nalo likafa, sisi tukarithi ubao. Siku hizo Bariadi tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, minara ya simu inaota kama uyoga, na kila mwenye mzani na gunia alikuwa mnunuzi wa pamba. Watu wa kijiwe hiki hawajengi minara, na mwenye pamba yake hapa simjui, ila hakuna jambo la mnara wala la pamba wasilolitolea hukumu. Mimi kazi yangu ni kushona, na kushona kunataka kichwa kilichotulia. Ndiyo maana suruali nyingi za mtaa huu zina mguu mmoja mrefu.

Jumamosi hiyo waliwahi wote watatu. Namhala Luhende, mzee wetu, tunamwita Wizara, kwa sababu redio ni yake na habari haiwi habari mpaka airudie yeye. Yakobo ni Sayansi. Katika maisha yake amefungua simu nyingi na kuzifunga chache. Constantine ni Soko Huria, wakala wa mnunuzi wa pamba, na msimu ukiisha hana kazi nyingine ila kutueleza dunia inavyokwenda. Shida, muuza kahawa, alikuwa ameshatua birika na jiko lake.

WIZARA: Sikilizeni redio leo, bagosha, wanaume wenzangu. Hiyo ndiyo sauti!

SAYANSI: Kweli. Jana ilikuwa inakoroma kama ina pumu.

WIZARA: Jua, mwanangu. Jua tu. Betri nimezianika pale dirishani kwa Milembe, nikazigeuza kama dagaa wa Lamadi. Angalia sasa, msomaji wa habari kama kakaa hapa kati yetu anadai kahawa.

SOKO HURIA: Na wanaouza betri watakula wapi? Haba na haba hujaza kibaba, namhala.

MIMI: Hiyo inahusu nini?

SOKO HURIA: Inahusu kibaba.

Kuanika betri ni dini ya kijiwe hiki. Wizara anasema betri ni mbegu, ianikwe kabla ya kupandwa, siyo mpaka ioze. Chini ya dirisha la Milembe kuna kipande cha bati, jua la asubuhi linaanzia pale, na kila siku betri ndogo nne za redio hulala hapo wakati sisi tunaamkiana. Amelisema jambo hili mara nyingi mpaka hata watu wenye akili wakaanza kulifuata.

Ndani ya steshenari, tangu redio iwashwe, ilikuwa inasikika sauti ya mwanaume ikisema taratibu, inasimama, inaendelea, na vidole vya Milembe vinaifuata. Huyo ni Joakim, mtu wa Sola kule Maswa. Mama yake alifia hospitali hapa hapa Somanda. Mwili ulitangulia jana, mazishi ni leo mchana, na yeye alibaki nyuma na pikapu ya kubeba masufuria na soda. Alibaki pia na jambo lake moja: alitaka wasifu wa marehemu uchapwe, ukasomwe kaburini. Pikapu ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la betri na sabuni ambalo Jumamosi halifunguliwi, wenyewe ni Wasabato. Dereva amelala, mguu mmoja nje ya mlango.

Halafu vidole vikanyamaza. Vikagonga tena, kwa nguvu. Vikanyamaza kabisa, na Milembe akatokea mlangoni.

MILEMBE: Shikamooni.

WIZARA: Marahaba, mama yangu, mayu. Mbona umebeba kibodi kama sinia la harusi?

MILEMBE: Imegoma. Na mausi imegoma. Herufi zilianza kuchelewa, nagonga sasa inatokea baadaye, mara zikaacha. Mshale umesimama katikati ya kioo, hauendi mbele wala nyuma.

Kibodi na mausi ya Milembe havina waya. Kaka yake alimletea kutoka Mwanza, vimeshatumika ofisini kwa watu. Kuna kidude kidogo kama punje ya hindi, kimechomekwa nyuma ya kompyuta, ndicho kinachosikia kinachogongwa. Siku vilipofika, mtaa mzima ulikuja kuangalia mtu anagonga huku na herufi inatokea kule. Kibodi yake ya zamani, ile ya waya, aliiuza wiki hiyo hiyo kwa furaha.

SAYANSI: Kidude umekikagua?

MILEMBE: Nimekichomoa, nimekifuta, nimekichomeka tundu jingine.

SAYANSI: Kile kitufe cha tumboni, cha kuviunganisha?

MILEMBE: Nimekibonyeza mpaka kucha inauma.

MIMI: Betri?

MILEMBE: Betri mpya, fundi. Nimenunua juzi. Na leo asubuhi nimezianika kabisa, nimeziweka zikiwa za moto.

WIZARA: Basi betri tuzitoe kwenye kesi. Iliyoanikwa haisingiziwi.

Zikaachiwa huru hapo hapo, bila dhamana. Joakim naye akatoka, mtu mrefu, shati jeupe la msibani limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Akatuamkia kinyumbani.

JOAKIM: Mwangaluka, bagosha.

WIZARA: Mwangaluka. Pole na msiba, mwanangu.

JOAKIM: Tumeshapoa, namhala.

SOKO HURIA: Kaa hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shida, mpe kahawa mgeni, na wenyeji utupe tupone kwa hesabu yake.

Nilimtupia Soko Huria jicho. Kuna watu hata msibani wanatafuta wa kuwalipia. Joakim hakujali, akaketi mwisho wa ubao, kikombe katikati ya viganja vyake.

MILEMBE: Tatizo siyo kibodi tu, jamani. Maneno yote yako kwenye kioo, sijasevu hata mstari. Umeme ukikatika, yamekwenda.

WIZARA: Yote?

MILEMBE: Yote. Tulibakiza shamba na mwisho.

MIMI: Si aandike kwa mkono? Karatasi zipo.

JOAKIM: Ya mkono itakatwa, fundi. Msiba wa kaka yangu tuliandika kwa mkono. Ba mdogo Mhoja ndiye msemaji wa ukoo. Alitoa kalamu pale pale mbele ya katekista, akafuta alichofuta, akaongeza alichoongeza, ndiyo ikasomwa. Iliyochapwa hathubutu mtu kuikata. Wazee wetu wakiona herufi za mashine wanadhani imetoka serikalini.

WIZARA: Hilo kweli. Mimi mwenyewe naziogopa.

Hapo ndipo Sayansi alipojivuta mbele kwenye ubao, na nilijua sindano yangu haitafanya kazi asubuhi hiyo.

SAYANSI: Niwaambie kitaalamu. Hii haina waya, kwa hiyo maneno yake yanapita hewani. Sasa hewa ya Bariadi imebaki? Kampuni ya kwanza imesimika mnara, ya pili ikasimika, ya tatu juzi imesimika nyuma ya soko. Hewa imejaa. Neno linatoka kwa Milembe, kabla halijafika kwenye kidude limenaswa na mnara.

MIMI: Kutoka kibodi mpaka kidude ni shubiri mbili.

SAYANSI: Hata uani mtu anagongwa na baiskeli, fundi.

SOKO HURIA: Likishanaswa linakwenda wapi?

SAYANSI: Linatokea kwenye simu ya mtu. Saa hizi kuna mvuvi Lamadi amepata meseji, "Marehemu alizaliwa Sola." Hajui alie au afute.

Joakim alicheka kidogo, kwa pua. Kwa mtu wa msibani hiyo ni zawadi kubwa, na Sayansi akavimba kichwa. Akaamuru simu zote zizimwe. Tukazima. Hata dereva wa pikapu aliamshwa azime yake, akazima bila kuuliza sababu, akalala tena. Milembe akaingia ndani, tukamsikia anagonga. Akatoka anatikisa kichwa.

SOKO HURIA: Sayansi hajui uchumi, tumsamehe. Zamani kitu kilikuwa na mwenyewe. Jembe la ushirika unamwachia mjukuu. Sasa ni soko huria, kila kiwanda kinataka ununue tena na tena. Aliyetengeneza hii kibodi huko China ana swichi mezani kwake. Anaona Milembe kaitumia ya kutosha, anabonyeza. Tii! Somanda imezimika.

WIZARA: Anamwonaje Milembe?

SOKO HURIA: Kwa kupitia kioo. Nyie mnadhani kompyuta mnaitazama peke yenu?

Milembe akavuta kanga yake mabegani.

MILEMBE: Sasa huyo Mchina nimwombeje aniwashie?

SOKO HURIA: Hakuna kuomba. Mchumia juani hulia kivulini.

MIMI: Sasa hapo anayechuma nani na anayekula nani?

SOKO HURIA: Fundi, shona.

Dereva alipiga honi moja, ya kukumbusha tu. Joakim akamwinulia mkono. Kutoka hapa mpaka Sola si mbali, lakini barabara ya kuingia kule kila mtu anaijua, na kaburi halisubiri gari. Milembe aliketi kizingitini, kibodi magotini, anaibonyeza kitufe kimoja kimoja kama anayemtafuta mtoto anapoumwa. Nilimwonea huruma. Ana heshima na kazi yake yule binti, harusi zote za mtaa huu kadi zake zimetoka kwake.

WIZARA: Nyie wote ni watoto wa mjini. Hii si minara wala si Mchina. Mayu, kitu hiki ulikipata kwa nani?

MILEMBE: Kwa kaka, namhala. Mwanza.

WIZARA: Kilikuwa kinatumika?

MILEMBE: Ofisini, ndiyo.

WIZARA: Haya. Ng'ombe ukimnunua mnadani, ukamleta nyumbani, ukamwacha bila kamba. Asubuhi unamkuta wapi?

SAYANSI: Njiani, anarudi kwa mwenyewe.

WIZARA: Anarudi alikozoea! Mimi nilinunua dume Maswa, wakati huo nina nguvu zangu. Nikamfungua mapema. Nilimkuta kwa yule yule aliyeniuzia, kalala, anacheua, ananitazama kama mgeni. Kitu kisicho na kamba kina kumbukumbu, jamani. Kibodi hii imekumbuka kwao. Mwili uko Somanda, moyo umerudi Mwanza. Milembe akigonga hapa, kule ofisini herufi zinajiandika zenyewe kwenye kompyuta ya zamani.

SOKO HURIA: Na mtu kakaa mbele yake!

WIZARA: Kakaa na chai yake, anasoma habari za Sola.

Jambo likawaingia. Nawajua, hoja ya ng'ombe ikishatolewa hapa kwetu, hoja nyingine hukunja mkeka zikaondoka. Sayansi mwenyewe alikuna kidevu.

SAYANSI: Na dawa yake?

WIZARA: Kamba na chumvi. Ng'ombe mgeni unamlambisha chumvi mkononi, azoee harufu yako. Chumvi tuiache, itaozesha vitufe. Fundi, toa uzi.

Nilikataa. Uzi ni wa kazi, na kazi yenyewe nilikuwa siifanyi kwa ajili yao. Lakini niliona Milembe anavyomtazama Joakim, na Joakim anavyoitazama pikapu, nikakata uzi mweusi, ule mzito wa kushonea suruali. Tukaingia ndani wote. Wizara akaifunga kibodi kwenye kompyuta kwa fundo la kufungia ndama, na mausi pembeni yake. Milembe akagonga. Kioo kikatutazama. Maneno yalikuwa yamejaa juu mpaka chini, mshale uko pale pale, na neno la mwisho lilikuwa "shamba".

Taa ya chumba ikafifia, ikarudi.

SAYANSI: Basi kimebaki kimoja. Zima, washa. Kompyuta ikilala ikaamka, ugomvi inasahau.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye soketi.

JOAKIM: Usiguse!

Hakupiga kelele, lakini sauti hiyo hatukuwa tumeisikia kwake. Sayansi akarudisha mkono mfukoni.

JOAKIM: Samahani, kaka. Ukizima hapo, umemzika kabla sisi hatujamzika.

SAYANSI: Samahani mimi.

Tulirudi kwenye ubao. Shida alimimina kahawa bila kuulizwa, na hakuna aliyeisifu. Redio tu ndiyo iliyokuwa na raha, muziki wa kungojea matangazo unalia safi, kila gitaa kwa jina lake. Wizara alipunguza sauti kwa adabu. Akakohoa.

WIZARA: Mwanangu, usinielewe vibaya. Mimi ni mzee, nasema la wazee. Isije ikawa marehemu mwenyewe hataki. Watu wa zamani hawakuzoea kuandikwa.

Nilitaka kumkata kauli. Nilikasirika, nasema wazi. Kuna maneno hayasemwi mbele ya mfiwa hata kama kahawa imekolea. Lakini Joakim aliweka kikombe chini na kumjibu taratibu, kama mtu aliyekuwa analingoja swali hilo.

JOAKIM: Anataka, namhala. Kanituma yeye. Pale wodini alinishika mkono akasema, "Joakim, waandikie kwamba shamba la bondeni nimelifyeka mwenyewe." Baba alikufa mimi nikiwa mgongoni. Mama akaingia porini na panga, akafyeka, akalima pamba. Enzi za ushirika pamba hiyo ikauzwa kwa jina la ba mdogo, kwa sababu chamani ndiye aliyeandikwa. Miaka yote. Walipokuja hawa wanunuzi binafsi na mizani yao, mama alijitwisha pamba yake mpaka kwenye mzani, akamwambia karani, "Andika Esteria Kwandu." Siku hiyo alikuwa anatuhadithia zaidi kuliko siku ya ndoa yake.

Soko Huria aliisogeza kofia yake nyuma. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia soko huria linasifiwa na mtu asiyekuwa yeye, na hakujua afanyeje.

JOAKIM: Karatasi isipokuwepo, atasimama ba mdogo. Atasema marehemu aliolewa kwetu, akazaa, akaugua. Shamba atalitaja kama lake, mbele ya katekista na watu wote, na mimi sitaweza kumkatiza mzee kaburini. Tutafukia udongo juu ya maneno hayo, na yatakuwa ndiyo hayo.

WIZARA: Nisamehe, mwanangu.

JOAKIM: Hujakosa, namhala.

Honi ikalia tena, ndefu. Joakim akainuka nusu, akaketi. Macho yake yakaenda kwenye redio iliyokuwa kati yake na Wizara, akaitazama kwa muda.

JOAKIM: Redio yenu ina sauti nzuri.

WIZARA: Ni jua tu.

JOAKIM: Betri mmenunua lini?

WIZARA: Hatujanunua. Ni zile zile, nimezianika.

JOAKIM: Wapi?

WIZARA: Si pale, kwenye bati, dirishani kwa Milembe.

MILEMBE: Hata mimi zangu nilianika hapo hapo. Si wewe mwenyewe uliniambia, betri mpya ianikwe kabla haijachoka?

WIZARA: Ndiyo. Kama mbegu.

JOAKIM: Zenu ni za namna gani?

WIZARA: Ndogo hizi, nne. Nyekundu, kichwa cheusi.

MILEMBE: Zangu mbili za kibodi, mbili za mausi. Nyekundu, kichwa cheusi.

JOAKIM: Sasa kila mtu alijuaje zipi ni zake?

Nimekaa na kijiwe hiki muda mrefu. Nimesikia wakiulizwa kwa nini bei ya pamba inashuka, kwa nini mvua inaruka vijiji, na Mungu alikuwa anafanya nini kabla ya kuumba, na yote waliyajibu kabla muulizaji hajafunga mdomo. Swali la Joakim lilipita kwa Sayansi, likapita kwa Soko Huria, likafika kwa Wizara, na wote watatu walikuwa wanaangalia viatu vyao.

WIZARA: Mimi nilichukua za upande wenye jua zaidi.

MILEMBE: Jamani, namhala. Na mimi ndiko nilikoziweka.

Nikamkumbuka Milembe akisema herufi zilianza kwanza kuchelewa. Betri zile zile zilizokuwa zinakoroma jana kwenye redio, jua limezipa pumzi ya mwisho, zikavuta maisha ya mama wa watu mpaka kwenye shamba, zikakata roho.

Wizara akaivuta redio kwake. Aliipindua redio mapajani, akatia ukucha kwenye kifuniko cha nyuma. Hapo muziki ukakoma. Sauti ya mwanamke ikasema yafuatayo ni matangazo ya vifo. Joakim akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

JOAKIM: Subiri, namhala. La kwetu ni la leo.

Shida akashikilia birika hewani. Tangazo la kwanza lilikuwa la mtu wa Magu. La pili ndilo.

"Bwana Mhoja Mashimba, wa Sola, Maswa, anasikitika kutangaza kifo cha shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, kilichotokea hospitali ya Bariadi. Mazishi yatafanyika leo mchana nyumbani kwake, Sola. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote wa Lamadi, wa Mwanza na wa Kahama, popote walipo."

Halafu likaja la mwingine. Wizara aliendelea kuegemeza sikio, kama kuna kitu kimebaki ndani ya redio.

WIZARA: Mbona hawakumtaja jina?

JOAKIM: Tangazo alipeleka ba mdogo.

Joakim akaizima redio yeye mwenyewe. Akafungua kifuniko, akatoa betri moja moja, nne, akampa Milembe mkononi.

JOAKIM: Bado zina joto.

Milembe aliukata uzi wangu kwa meno. Mbili kwenye kibodi, mbili kwenye mausi. Sisi tulijazana mlangoni, hata dereva aliyekuja kugomba akajikuta amesimama nyuma yetu, anachungulia. Mshale ukatikisika. Ukatembea. Kitu cha kwanza Milembe alichofanya ni kusevu, na aliposema "nimesevu" Sayansi alijifuta jasho ambalo sijui lilimtoka saa ngapi.

MILEMBE: Tuliishia kwenye shamba. Sema, kaka.

JOAKIM: "Shamba la bondeni alilifyeka mwenyewe, kwa mikono yake, akalilima mpaka alipougua. Ni lake." Nukta.

MILEMBE: Nimeweka. Na juu kabisa, kichwa: Wasifu wa Marehemu Esteria Kwandu. Hivi ni sawa?

JOAKIM: Jina lisogeze chini, likae peke yake. Halafu likuze.

Milembe akaishika mausi, akalikuza.

MILEMBE: Hapo?

JOAKIM: Ongeza.

MILEMBE: Hapa sasa?

JOAKIM: Ongeza, dada.

Akaongeza mpaka jina likagusa kingo za karatasi huku na huku. Printa ikaanza kuguguna. Ilipolitema jani la kwanza Joakim hakulikunja, alilipokea kwa viganja viwili. Alianza kusema wabeja, asante ya kwetu, Milembe akamwambia basi, nenda, watu wanakungoja.

Alipanda nyuma ya pikapu, akaketi kati ya masufuria, karatasi zake ndani ya nailoni, kifuani, upande wa maandishi nje. Gari lilipogeuza mbele yetu, jina tulilisoma wote tukiwa tumekaa pale pale. Soko Huria alivua kofia. Sikumbuki kumwona amevua kofia kwa mtu, hata kwa bosi wake.

Vumbi likatulia. Birika la Shida lilikuwa limekauka, akawa anakusanya vikombe. Redio ilikuwa ubaoni, mgongo wazi, haina kitu tumboni. Wizara aliichukua, akaiweka kwapani, akasimama. Alijinyoosha, akasafisha koo, na sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya msomaji wa habari, ya siku betri zikiwa nzima.

WIZARA: Tunasikitika kutangaza kifo cha Esteria Kwandu, mkulima wa pamba, wa Sola, Maswa, mwenye shamba la bondeni. Mazishi yatafanyika leo mchana. Habari ziwafikie Milembe wa steshenari, Yakobo, Constantine, na fundi cherehani mbanizi wa uzi, wote wa Somanda. Habari zimfikie pia Bwana Mhoja Mashimba, popote alipo.